Taka za Kuonyeshana

Nimeona watu wakijivunia nyumba ya mabati, ng'ombe wa gredi, mtoto aliyefaulu mtihani. Watu wa kujivunia taka nimewaona mara moja tu maishani, na nilikuwa mmoja wao, tena wa mstari wa mbele.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, huko juu Mau Narok, kwenye shamba lililokuwa la mzungu wa ngano kabla serikali haijalikata vipande na kutugawia. Tulitoka kila upande, kila mtu na lugha yake ya nyumbani, kwa hiyo mikutano ilifanywa kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kila mtu alikipinda alivyoweza. Mume wangu alikuwa ameajiriwa Olkaria, kwenye kambi ya watu waliokuwa wakichimba ardhi kutafuta mvuke, na nyumbani tulimwona mwisho wa mwezi. Siku nyinginezo tulikuwa watatu: mimi, mtoto wangu wa kwanza ambaye hata kukaa alikuwa bado anaegemezwa, na mama mkwe.

Ng'ombe alikuwa wa mama mkwe. Alikuwa amefanya kazi jikoni kwa yule mzungu miaka mingi, na siku mzungu alipofunga mizigo alimwachia ndama mmoja, labda kwa shukrani, labda kwa sababu ndama haingii kwenye ndege. Ndama akakua, akazaa, akatoa maziwa. Yangu mimi yalikatika mtoto akiwa na miezi mitatu, na tangu hapo mtoto wangu aliishi kwa chuchu za ng'ombe yule. Nalisema hili mapema ili ijulikane ni kitu gani tulikuwa tukikichezea.

Kila asubuhi baada ya chai mama mkwe alitandika gunia nyuma ya nyumba, akamwaga juu yake takataka zote za jana, akakaa chini na kunyoosha miguu. Kisha alipitisha mkono. Alianza pembeni akaja katikati, polepole, vidole vimefunguka, kila ganda la kiazi likapita kwenye ngozi yake. Maganda na majani ya kabichi yaliingia kwenye debe la ng'ombe. Majivu yalikuwa na sufuria yake kuukuu, ya kumwagia chooni na kwenye sukuma wiki. Vipande vya chupa, waya, nyembe na betri za redio zilizokufa alivitia kwenye karai lililotoboka, na karai likijaa alikwenda kulimwaga kwenye shimo la choo cha zamani, akafukia.

"Kwa nini usitupe tu, mama?" nilimuuliza siku moja.

"Ng'ombe haina macho kwa ulimi," akasema. "Kwa mzungu kuna moja ilikufa na pini ya nywele. Pini ya memsahib mwenyewe, bibi ya mzungu. Na mpishi ndiye alifukuzwa."

Mimi nilikuwa nimefika Fomu Tu, kidato cha pili. Nilisoma Nakuru mjini, nikafundishwa kudarizi vitambaa vya meza na kukata keki ambayo sikuwahi kuiona tena baada ya shule. Kwa elimu hiyo nilimdharau. Alipotaka kumbeba mtoto nilimwambia anawe mikono, naye alinawa, na hata baada ya kunawa nilimpa mtoto nikiwa nimekunja uso. Nilijiona nimeolewa kwa watu washamba.

Ndipo akaja kijana wa maendeleo. Alikuja na pikipiki, soksi nyeupe zimevutwa hadi magotini, na karatasi kubwa iliyochorwa mashimo mawili. Chifu alituita uwanjani tukaketi kwenye nyasi zenye umande. Yule kijana akapandisha karatasi yake kwenye ukuta wa stoo.

"Taka iko ya aina mbili," akatangaza. "Iko ya kuoza, na iko ya kutooza."

Alisema hivyo kama mtu aliyeziumba zote mbili. Tukapiga makofi. Mama mmoja wa pembeni akainua mkono, akauliza: "Na majivu iko upande gani?"

Kijana akageuza karatasi, akaangalia nyuma yake, akaigeuza tena. "Hiyo ya majivu," akasema, "tutaandikia ofisi." Mpaka leo ofisi haijajibu, na nyumba zote za Mau Narok zinapika kwa kuni.

Amri ilikuwa hivi: kila mtu aache jalala la nyumbani kwake, tuchimbe shimo moja kubwa la watu wote, tulitenge katikati kwa miti, upande mmoja wa kuoza na mwingine wa kutooza. Shimo bora katika tarafa lingepewa wilbaro mpya, toroli la gurudumu moja. Kamati ikachaguliwa papo hapo. Mwenyekiti akawa mke wa mwenye duka, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti ya kuita mbwa. Karani wakanichagua mimi kwa sababu ya mwandiko wangu.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. Siku hiyo alisimama.

"Nani atapitisha mkono?"

"Mkono wa nini, mama?" kijana akauliza.

"Kwa maganda. Kabla ng'ombe ikule."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikijifunika mdomo na daftari jipya la kamati.

"Mama, hii ni mambo ya kisasa," kijana akamwambia. "Hakuna kushika na mkono. Kila mtu anatupa upande yake."

"Na mtu akikosea?"

"Kuna karani. Karani ataangalia."

Mama mkwe akanitazama, akaketi. Jioni ile aliniambia kwamba taka zake zitabaki kwake, na aliitikia shikamoo zangu zote kama kawaida ya nyumba, bila ugomvi.

Tulilichimba shimo kando ya barabara. Sababu ilikuwa moja: D.O., afisa wetu wa tarafa, alikuwa mtu wa kutembelea watu bila kushuka kwenye Land Rover, na ilibidi aweze kuliona akiwa amekaa. Upande wa kuoza ukawa wa barabarani. Upande wa kutooza ukawa nyuma ya miti, hauonekani ila ukienda kuchungulia.

Hapa lazima nieleze jinsi tulivyokuwa. Katika makabila yetu yote pale, jalala lilikuwa la mke wa nyumba. Lilikaa nyuma, na mgeni aliyelitazama sana alihesabiwa kama aliyechungulia chumbani. Taka zinasema. Zinasema mmekula nini, mmekunywa nini, na siku ngapi hamkula. Watu wengine wakiamriwa kubeba siri hizo mpaka barabarani wangekataa, au wangekuja kutupa giza likiingia. Sisi hatukukataa. Sisi tulizivalisha nguo za kanisani.

Alianza mwenyekiti. Jumamosi ya kwanza alikuja na kopo la jemu, akalishusha shimoni taratibu kama yai, akalizungusha mpaka picha ya matunda ikaangalia barabara. Jumamosi ya pili mwingine akaleta mkebe wa biskuti. Ya tatu kukatokea makopo manne ya samaki kutoka nyumba ambayo sote tulijua watoto wake hulala na uji. Wanawake walioteremka Nakuru kupeleka pareto wakaanza kurudi na magunia yanayolia ko-ko-ko. Mmoja alinisimulia, bila aibu yoyote, jinsi alivyobisha mlango wa nyuma wa duka la Mhindi na kumwomba mama wa nyumba makopo matupu. Yule mama alidhani tunatengeneza taa za koroboi. Akampa hata ya ziada, akamwombea Mungu abariki kazi ya mikono yake.

Viazi vikaanza kumenywa kwa unene wa kidole, ili lundo la mtu lionekane la nyumba inayoshiba. Kuku mmoja aliyechinjwa kwa katekista aliacha manyoya kwenye taka za nyumba tatu. Nilimwona mzee mzima, mwenye ndevu za kuheshimiwa, amesimama kando ya shimo na fimbo yake akisukuma chupa ya brandi ije mbele. Na kwa kuwa upande wa nyuma hauonekani, nani angepeleka kopo lake huko likaozee gizani? Makopo yote yaliwekwa mbele, juu ya maganda, upande wa kuoza. Kule kwa kutooza kulibaki safi kabisa. Kuku wa jirani alitagia huko.

Na karani alikuwa wapi? Karani alipita kila Jumatatu na daftari, viatu vyake vimepakwa rangi, akasimama hatua tatu kutoka ukingoni kwa sababu ya harufu, akaandika: Safi.

Kitu kimoja tu kiliniuma. Nyumba yetu haikuleta chochote. Mama mkwe aliendelea na gunia lake, na mimi sikuwa na la kuonyesha. Jumamosi moja mwenyekiti akaniuliza mbele ya watu, "Karani, kwani kwenu mnakula hewa?"

Sikulala vizuri. Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi, jambo la kwanza nililomwomba halikuwa kanga wala viatu vya mtoto. Nilimwomba makopo. Alicheka mpaka akashika mlango. Lakini alikuwa amenioa juzijuzi na hakupenda kuninyima kitu, na safari iliyofuata alirudi na nusu gunia kutoka jikoni kwa mafundi wa kizungu kambini. Yalikuwa makopo ya nyama, yale ya pembe nne yanayofunguliwa kwa kaufunguo kadogo. Unazungusha, na ukanda wa bati unajiviringisha kwenye ufunguo, mwembamba na mkali kuliko wembe. Makopo mengine yalikuwa bado na ufunguo wake, ukanda umeviringwa juu yake.

Niliyapanga matatu matatu kila Jumamosi, juu kabisa. Hakuna mwingine pale aliyekuwa nayo. Hata kwa mwenye duka hayakuuzwa. Watu wakaanza kuniita mke wa Olkaria, mla nyama ya kopo. Nilivimba kichwa. Nyumbani tulikula viazi na chumvi.

D.O. alikuja, akatazama kupitia dirishani, akasema hajaona shimo kama lile. Tukapewa wilbaro. Yule kijana wa soksi alitushika mikono mmoja mmoja, na siku hiyo, kwa furaha, mwenyekiti akatoa wazo kubwa. Kiangazi kilikuwa kimeanza, nyasi zilikuwa zimekauka mpaka mizizi. Kwa nini maganda ya shimo yasigawiwe wenye ng'ombe, kila nyumba kwa zamu? Tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Nikaandika kwenye daftari.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe alipata habari kwamba binti yake aliyeolewa Keringet amejifungua. Ilimbidi aende akamkande na kumpikia. Alifunga kikapu chake, kisha akanipeleka kwa ng'ombe, tukasimama mbele ya hori.

"Maganda ya ile shimo usilete hapa," akasema. "Na ukileta, pitisha mkono. Gunia iko hapo."

"Sawa, mama," nikamjibu, kwa sauti ambayo mtu hutumia kufukuza kuku.

Siku ya tatu zamu ikatufikia. Nililetewa maganda kwa wilbaro ya zawadi, imejaa. Gunia la mama mkwe lilikuwa pale, limekunjwa juu ya jiwe. Nililiona. Sitaki kujidanganya uzeeni kwamba nilisahau. Lakini jirani alikuwa akipalilia vitunguu ng'ambo ya ua, na kama angeniona mimi, karani, nimekaa chini nikichambua maganda ambayo mimi mwenyewe nimeyaandika Safi, ningeuweka uso wangu wapi? Tena sikutaka kuchafua kucha. Nikamwaga yote horini, ng'ombe akaingiza mdomo, akala kwa shukrani.

Kesho yake alikula kidogo. Siku iliyofuata alikataa kabisa. Alisimama ameinua mgongo, viwiko vimetanuka, na alipoteremka kwenda majini aliguna kama mzee anayeketi. Maziwa yalishuka yakawa kikombe, kisha yakawa matone. Mtoto alilia usiku kucha kwa njaa, na mimi nilimpa uji mwepesi nikijiambia ni upepo tu.

Mama mkwe alirudi siku ya saba. Alimtazama ng'ombe akiwa bado langoni, kikapu kichwani, kabla hata ya kunisalimu.

"Ulileta ile maganda?"

"Nilileta."

"Ulipitisha mkono?"

"Ndiyo, mama."

Alishusha kikapu akaenda mwenyewe kumwita daktari wa mifugo. Yule daktari alimkandamiza ng'ombe kifuani kwa goti, ng'ombe akanguruma, daktari akatikisa kichwa. "Iko na chuma ndani," akasema. "Chinjeni kabla haijaanguka."

Habari ya nyama haihitaji kupigiwa baragumu. Ng'ombe hajalazwa chini vizuri, kamati nzima ilikuwa imefika, kila mtu na beseni lake, nyuso zimekunjwa kwa huzuni na macho yakiwa kwenye paja. Mchinjaji alifungua tumbo, akafika kwenye lile tumbo dogo lenye matundumatundu kama masega ya nyuki, akaingiza vidole. Alitoa kitu, akakisugua kwenye nyasi, akakiinua juu.

Kilikuwa ule ufunguo mdogo wa kopo la nyama. Ukanda wa bati ulikuwa bado umejiviringa juu yake, ila ncha moja ilikuwa imefunguka na kunyooka, nayo ndiyo ilikuwa imetoboa kwenda upande wa moyo.

Kila aliyekuwepo alijua yale makopo yalitoka nyumba gani, maana nilikuwa nimehakikisha wanajua, Jumamosi baada ya Jumamosi.

"Hii," mwenyekiti akasema polepole, macho yake kwangu, "hii ni ya nani?"

Nilitazama chini. Nilikuwa mke wa mwaka mmoja na nusu, nimemuua ng'ombe wa mama mkwe kwa mikono yangu na kudanganya kwa mdomo wangu. Wanawake walikuwa wamerudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hayo.

Mama mkwe alimwendea mchinjaji, akachukua ule ufunguo, akaufuta kwenye leso yake.

"Ni yangu," akasema. "Kijana yangu aliniletea kopo. Nilisahau kupitisha mkono."

Mwanamke huyu alikuwa Keringet wiki nzima. Nusu ya waliosimama pale walimwona akipanda gari na nusu nyingine walimwona akirudi. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kusema hivyo. Walitikisa vichwa, wakamwambia pole mama, uzee nao, kisha wakasogeza mabeseni.

Nami pia sikusema. Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi aliambiwa maneno yale yale. Aliugeuza ule ufunguo kiganjani, ufunguo alioubeba yeye mwenyewe kutoka kambini, akaurudisha mezani na kutoka nje.

Nadhani mtu anaweza kusamehewa kwa kunyamaza. Lakini kamati iliketi, na mwenyekiti akataka jambo liandikwe. Akanitajia maneno: kwamba ng'ombe mmoja amekufa kwa sababu mwenye ng'ombe ni mzee mkaidi, alikataa shimo la watu wote na kuendelea na mambo yake ya kale. Niliandika. Niliandika kwa ule mwandiko wangu mzuri, kila herufi imelala upande wake, nikapiga mstari chini kwa rula. Yule kijana wa soksi aliupenda sana ukurasa huo. Mkutano uliofuata aliusoma kwa sauti mbele ya watu wote uwe mfano, na mama mkwe akiwa ameketi kwenye nyasi, miguu imenyooshwa, akisikiliza mpaka mwisho. Aliposikia kila mtu anapiga makofi, naye alipiga.

Tulirudi nyumbani pamoja. Alimbeba mtoto njia yote. Sikumwambia anawe mikono.

Asubuhi yake, baada ya chai ya rangi, nilisikia nyuma ya nyumba mlio ninaoujua, wa taka zikimwagwa. Nilitoka nikamkuta ametandika gunia. Amemwaga taka za jana, maganda machache ya viazi na majani makavu, na mkono wake unapita kutoka pembeni kuja katikati. Nilidhani huzuni imemharibia akili.

"Mama," nikamwambia, "ng'ombe hayuko."

"Najua hayuko."

Mkono haukusimama. Vidole vyake vilifika mahali vikasita, vikachomoa nusu ya wembe ambao mimi nilikuwa nimekatia uzi jana yake na kuutupa tu. Akautia kwenye karai.

"Mtoto ameanza kutambaa," akasema.

Nikaketi kando yake kwenye gunia, nikapitisha mkono.